Hesabu siku tangu maji yaingie: mwongozo kamili wa kuzuia magonjwa ya mlipuko baada ya mafuriko, Dodoma na kanda ya kati

Kila mwaka mvua zikikolea, wenyeviti wa mitaa, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huniuliza swali lile lile: "Tulifanya usafi, tuligawa dawa ya maji, mbona watu wameugua?" Nikiwauliza walifanya lini, hunijibu kwamba ni Jumamosi ya kwanza baada ya maji kupungua. Nikiuliza na baada ya hapo je, wanakaa kimya.

Kosa liko hapo. Mafuriko hayaleti magonjwa yote siku moja. Kuhara huja ndani ya siku chache. Homa ya mgunda (leptospirosis) huwakuta watu wakiwa bado wanazoa tope. Malaria hubisha hodi mwezi mmoja baadaye, wakati ambao kamati imeshavunjwa na kila mtu yuko shambani anapalilia. Kila ugonjwa una wakati wake, na wakati huo unahesabika.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa huku kwetu: ardhi ya mbuga isiyonywa maji, makorongo yanayokaa makavu nusu mwaka kisha yakajaa kwa saa moja, na mbuzi wanaolala ukuta mmoja na watoto.

## Mahitaji

Viandae kabla ya Novemba. Barabara ikikatika, hakuna duka litakalokuokoa.

- Kaunta buku moja, kalamu za rangi mbili, na kalenda ya ukutani
- Kopo refu lenye kuta zilizonyooka, pamoja na rula, kwa ajili ya kupima mvua
- Vidonge vya klorini vya kutibu maji, kama Waterguard
- Klorini ya unga (HTH) ya asilimia 65 hadi 70, kwa ajili ya visima tu
- Mzani mdogo wa gramu, na kipimo cha klorini cha vidonge vya DPD
- Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha anayeharisha) na vidonge vya zinki
- Gambuti, glavu nene, koleo na toroli
- Kata au bakuli jeupe la kuchotea viluwiluwi
- Kamba ndefu yenye jiwe, ya kupimia kina cha kisima
- Namba za simu za zahanati, afisa afya wa kata, afisa mifugo, na 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya

Vidonge vihesabiwe, visikadiriwe kwa macho. Familia ya watu sita hutumia takriban lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia. Kidonge cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu, na maji yenye ukungu yanahitaji viwili. Kwa viwili kila siku, wiki mbili, kila kaya iwe na vidonge 28. Kijiji cha kaya 300 kinahitaji 8,400. Wengi wakiona hesabu hiyo wanashtuka, na mimi nasema afadhali washtuke Oktoba.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya maji (Oktoba)

Chukua karatasi ya manila, uchore makorongo, visima, vyoo, malambo, mazizi na zahanati. Kisha tembea na wazee wawili au watatu na uwaulize kitu kimoja: "Maji ya mwaka ule mbaya yalifika wapi?" Wakikuonyesha mti au ukuta, piga mstari wa rangi palepale.

Kisima chochote kilicho chini ya mstari huo kitazame kama kimeshachafuka. Choo kilicho ndani ya mita 30 kutoka kisimani kitie alama nyekundu, hasa kikiwa upande wa juu wa mteremko. Usivisahau visima vya mchangani, vile vinavyofukuliwa ndani ya korongo. Korongo likishuka, ndivyo vya kwanza kupotea, na watu hurudi kufukua siku hiyo hiyo maji yakitulia.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja bila kusita ni visima vipi vitafungwa kwanza na watu watachota wapi badala yake.

## Hatua ya 2: Soma utabiri, kisha pima mwenyewe

Kanda ya kati hupata msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Kabla ya msimu kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wake: chini ya wastani, wastani, au juu ya wastani. Mwaka ukitajwa kuwa wa El Niño, au magharibi ya Bahari ya Hindi ikiwa na joto kuliko kawaida, ongeza akiba ya vidonge na uwaarifu wafugaji mapema. Sababu utaiona kwenye hatua ya 9.

Ndani ya msimu, fuatilia tahadhari za TMA. Kwao mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, kwa hiyo milimita 50 ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya mvua ya mwaka mzima kumwagwa kwa siku moja, tena juu ya ardhi ngumu.

Weka kopo lako mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Pima kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, andika, mwaga. Jenga pia urafiki na mtu anayeishi upande wa juu wa mto. Mto Bubu hushusha maji kutoka upande wa Kondoa hadi Bahi. Inaweza kunyesha Kondoa usiku, Bahi pakiwa pakavu, na maji yakafika bila wingu lolote. Simu moja inakupa nafasi ya kufunga kisima na kuhamisha watoto.

## Hatua ya 3: Andika siku ya sifuri

Siku maji yanapoingia kwenye nyumba, vyoo au visima, iandike kwenye kalenda: SIKU 0. Ukiruka hatua hii, nyingine zote zitayumba. Halafu jaza mbele:

- Siku 1 hadi 14: kuhara na kipindupindu. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku tano baada ya kumeza vimelea, kisha mgonjwa wa kwanza huambukiza wengine.
- Siku 5 hadi 30: homa ya mgunda na homa ya matumbo.
- Wiki ya 2 na kuendelea, maji yakituama: homa ya Bonde la Ufa, kwa mifugo kwanza.
- Wiki ya 4 hadi 10: malaria.

Kwa nini malaria huchelewa? Yai la mbu huhitaji siku saba hadi 14 kuwa mbu kamili. Mbu huyo sharti amng'ate mtu mwenye vimelea, kisha vimelea vikomae ndani yake kwa siku 10 au zaidi. Ndipo akung'ate wewe, na homa ije baada ya siku saba au zaidi. Jumlisha, utakuta ni karibu mwezi mzima. Mwezi huo ndio nafasi yenu ya kuzuia, na wengi huupoteza wakidhani hatari imepita kwa sababu hakuna anayeumwa.

Maji yakiingia tena, anza hesabu ya pili kwa kalamu ya rangi nyingine. Usiifute ya kwanza.

## Hatua ya 4: Maji ya kunywa, ndani ya saa 72

Maji yote ya kisima kilichofurikwa, lambo au korongo yahesabu kuwa yana kinyesi ndani yake, hata yakiwa maangavu.

1. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne.
2. Acha yatulie usiku kucha, kisha mimina taratibu ya juu, ubakize tope chini.
3. Tibu. Chemsha hadi yatokote kwa dakika moja nzima, au weka kidonge na usubiri dakika 30 kabla ya mtu yeyote kunywa.
4. Hifadhi kwenye dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki. Kikombe kikizamishwa kwenye ndoo ya wazi, mkono umeshaingia na kazi yote imeharibika.

Utajuaje kama yametulia vya kutosha? Jaza chupa ya plastiki inayoona, isimamishe juu ya gazeti, uchungulie kupitia mdomoni. Ukiweza kusoma kichwa cha habari, endelea. Usipoweza, rudia kuchuja na kutuliza.

Kuni zikiwa zimelowa, msiwalazimishe watu kuchemsha. Nimeona kaya zinazoambiwa "chemsha" bila kupewa kuni wala vidonge, na hatimaye zinakunywa hivyo hivyo. Wapelekeeni vidonge.

Umefaulu ikiwa maji yaliyotiwa kidonge, yakipimwa dumuni kwa DPD, yanageuka waridi na kusoma miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita.

## Hatua ya 5: Kusafisha kisima

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi. Niliwahi kukuta kijiji kimemwaga unga wa klorini kisimani mara tatu ndani ya wiki moja, na maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, dawa tunaisikia puani, lakini watoto wanaendelea kuharisha."

Alikuwa anasema kweli. Tope na uchafu huila klorini kabla haijafika kwa vimelea. Kinachobaki ni harufu, na harufu si kinga. Ndiyo maana utaratibu ni kutoa kwanza, kutibu baadaye.

a) Subirini ardhi iachie maji. Msikimbilie kukausha kisima siku ya pili. Udongo uliolowa unasukuma kuta kutoka nje. Ukiondoa maji ya ndani haraka, kuta huporomoka. Subirini hadi maji ya juu ya ardhi yaondoke, na mtoe kidogo kidogo. Katika muda huo kisima kifungwe kwa miiba au ubao, na watu wachote kwingine.

b) Toeni maji machafu na tope la chini. *Onyo:* pampu ya petroli isishushwe kamwe ndani ya kisima. Moshi wake hukaa chini na huua watu kimya kimya. Mtu asishuke peke yake, na asishuke bila kamba kiunoni iliyoshikwa na watu wawili juu.

c) Sugueni kuta, mzibe nyufa, na mrekebishe sakafu ya juu ili maji yanayomwagika yasirudi ndani.

d) Acheni kijae tena hadi maji yawe maangavu. Jaribuni kwa chupa na gazeti. Bado yana tope? Rudieni (b).

e) Pimeni ujazo. Shusha kamba yenye jiwe, pima urefu uliolowa: hicho ndicho kina cha maji. Pima kipenyo cha kisima. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kina, kisha kwa 0.785. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na kina cha maji mita 3 kina mita za ujazo 2.36.

f) Changanya gramu 50 za HTH kwenye ndoo ya lita 20 ya maji safi. Kwa kila mita moja ya ujazo, mimina lita 10 za mchanganyiko huo. Kisima chetu cha mfano kinahitaji lita 24, yaani ndoo moja na lita nne za ndoo ya pili. *Onyo:* changanya nje penye hewa, vaa glavu, linda macho, na usiichanganye HTH na sabuni wala dawa nyingine yoyote.

g) Koroga kwa ndoo ya kisima, kisha acheni usiku kucha bila mtu kuchota.

h) Asubuhi toeni maji na kupima hadi klorini ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Maji hayo ya dawa yasimwagwe kwenye mto wala lambo la mifugo.

Umefaulu ikiwa maji ni maangavu, harufu ya klorini ni hafifu, na baada ya wiki moja bado ni maangavu. Hata hivyo, kisima kisichoinuliwa mdomo kitachafuka tena mvua ijayo, kwa hiyo kaya ziendelee kutumia vidonge hadi msimu uishe.

## Hatua ya 6: Vyoo na tope

Choo kilichojaa maji kifungwe. Chimbeni cha dharura mahali pa juu, mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, hata kama ni cha turubai. Kwenye mitaa ya tambarare mjini, shimo jipya hujaa maji kabla halijakamilika. Huko jengeni choo kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa tofali.

Sakafu iliyoguswa na majitaka ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha kwa Jik ya asilimia 3.5: sehemu moja ya Jik, sita za maji.

Anayezoa tope avae gambuti. Homa ya mgunda hutokana na mkojo wa panya na wanyama wengine, na huingia kupitia michubuko midogo. Mlipuko wa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 ndio uliolifanya jina hilo lijulikane nchini. Mtu mwenye homa, macho mekundu na maumivu makali ya vigimbi baada ya kazi ya tope aende zahanati, na aseme wazi kwamba alikuwa kwenye tope. Asiposema, huenda akapimwa malaria tu na kurudishwa nyumbani.

## Hatua ya 7: Daftari la dalili

Kila jioni mhudumu wa afya aandike mambo manne: waliohara leo, wenye homa, waliofariki, na wanyama waliotupa mimba. Idadi tu, na kitongoji.

Piga simu siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya:

- Watu wawili au zaidi, wenye umri wa miaka 2 na kuendelea, wa eneo moja, wanaoharisha maji mengi na kuishiwa maji vibaya ndani ya wiki moja
- Mtu mmoja wa miaka 5 au zaidi amekufa kwa kuhara maji
- Homa na kutokwa damu, baada ya kuchinja au kuhudumia mnyama

Msisubiri majibu ya maabara, na msisubiri kikao. Kinyesi kinachofanana na maji yaliyooshea mchele kinatosha kumkimbiza mtu zahanati huku akinyweshwa ORS njiani. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Si zaidi ya hapo, kwa maana chumvi nyingi humdhuru mtoto. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Akifariki mtu kwa kuhara, maiti isioshwe nyumbani kabla bwana afya hajafika. Jambo hili ni gumu kwa familia. Liongeeni kwa heshima, na shehe au mchungaji awepo.

Kwa malaria kuna hesabu nyingine. Muombe mganga mfawidhi idadi ya wagonjwa waliothibitishwa kwa kipimo, kwa wiki hiyo hiyo ya mwaka, miaka mitano iliyopita. Zipange kuanzia ndogo. Namba ya nne ndiyo mstari wenu wa tahadhari. Mfano: 2, 3, 5, 9, 14. Mkizidi 9 wiki hii, kuna jambo. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, na huo ndio udhaifu wake: watu wazima nao hawana kinga ya mwili, kwa hiyo wimbi likija halichagui mtoto wala mzee.

## Hatua ya 8: Mbu, kuanzia siku ya 5 hadi wiki ya 10

Kila Jumamosi, zungukeni na bakuli jeupe. Choteni mara kumi kwenye kila dimbwi, mkitazama viluwiluwi vimekaaje. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya mbu wa malaria. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine.

Mbu wa malaria hupenda vidimbwi vya muda, vyenye jua na maji maangavu: nyayo za ng'ombe, alama za matairi, mashimo ya waliofyatua tofali. Nimeona kamati zikifyeka majani Jumamosi nzima na kuliacha shimo la tofali lililo mita kumi kutoka hapo. Fukieni mashimo. Pasipofukika, toboeni mfereji. Pasipowezekana vyote, muombeni afisa afya viuaviluwiluwi. Vinatengenezwa hapa nchini, Kibaha. Mbu wa dengi hutaga kwenye ndoo, matairi na simtanki zisizofunikwa, kwa hiyo uani napo pakaguliwe.

Vyandarua vilivyozama tope vioshwe kwa maji baridi na sabuni ya kipande, vianikwe kivulini. Jua kali huiharibu dawa.

Umefaulu ikiwa siku ya 12 hakuna dimbwi lenye viluwiluwi wakubwa.

## Hatua ya 9: Mifugo huonyesha mapema

Mvua za El Niño za 2006/07 zilileta mlipuko mkubwa wa homa ya Bonde la Ufa, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Mbu wanaoianzisha hutaga kwenye udongo wa mabwawa ya msimu, na mayai hukaa makavu kwa miaka yakisubiri maji. Ndiyo maana bwawa ambalo halijajaa kwa muda mrefu linanitisha kuliko lambo la kila siku.

Nenda kwenye maboma, salimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," ukae, uulize mifugo kabla ya watu. Swali ni hili: kondoo na mbuzi wangapi wametupa mimba wiki hii? Mmoja ni kawaida. Kundi zima ndani ya siku chache, na watoto wao wanakufa, mpigie afisa mifugo kabla hujaondoka hapo.

Kuanzia saa hiyo: hakuna kuchinja mnyama mgonjwa, hakuna maziwa mabichi, na kondo la nyuma lisishikwe kwa mikono mitupu. Lizikwe. Najua ni vigumu kumwambia mtu aliyepoteza mbuzi kumi asile wa kumi na moja. Mwambie ukiwa umekaa naye, si kwa kipaza sauti.

*Onyo:* chanjo ya mifugo hutolewa kabla ya mlipuko. Ukishaanza, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama inaweza kusambaza virusi. Ndiyo sababu ya kuwaarifu wafugaji mapema utabiri unapotoka.

## Hatua ya 10: Lini kufunga daftari

Mambo haya yote yatimie: wiki 10 zimepita tangu maji yaingie mara ya mwisho, bakuli halijaonyesha viluwiluwi Jumamosi mbili mfululizo, na malaria imekuwa chini ya mstari wiki mbili. Kama kulikuwa na kipindupindu, ziwe zimepita wiki nne bila mgonjwa.

Kisha rudi kwenye mti au ukuta wa hatua ya 1. Maji ya mwaka huu yakiwa yamepita mstari wa wazee, piga mstari mpya juu yake na uandike mwaka, rangi ikiwa bado mkononi.